Wimbi katika Wakati na Wimbi katika Nafasi: Uchambuzi wa Fourier na Haja ya Istilahi za Kiswahili

Neno wimbi ni la kale katika Kiswahili, na maana yake ya kwanza haimpi taabu mtu wa pwani wala mtu wa ziwani. Lakini elimu ya leo imelitwika neno hili mzigo mkubwa. Husemwa mawimbi ya sauti, mawimbi ya redio, mawimbi ya nuru, na mawimbi ya ardhi itetemekapo. Mambo haya, ingawa hayafanani machoni, huchunguzwa kwa hesabu moja, nayo ni ile ijulikanayo kwa jina la Mfaransa Joseph Fourier. Makala haya yanakusudia kueleza hesabu hiyo kwa maneno, na kuonyesha kwamba baadhi ya istilahi za Kiswahili zitumikazo kwayo zinachanganya vitu viwili ambavyo hesabu yenyewe imevitenga, yaani wakati na nafasi.

Mifano mingi imechukuliwa kutoka Chato, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria katika Mkoa wa Geita. Mahali hapo panafaa kwa sababu mbili. Kwanza, ziwa liko mbele ya macho, na mawimbi yake huweza kupimwa kwa mti na kamba. Pili, miongoni mwa lugha zisemwazo huko, pamoja na Kizinza na Kisubi, imo lugha ya Kisukuma, ambayo ni lugha ya toni; na toni ni jambo la mawimbi ya sauti kabla ya kuwa jambo la sarufi.

1. Njia mbili za kulitazama wimbi

Mti uliotiwa alama za sentimita ukichomekwa ndani ya maji karibu na ufuko wa Chato, mtu akiutazama mti huo peke yake ataona maji yakipanda na kushuka. Ataweza kuhesabu sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kingine. Muda huo ni kipindi cha wimbi. Idadi ya vilele vinavyopita kwa sekunde moja ni idadi ya marudio. Kipindi kikiwa sekunde 4, marudio ni robo moja kwa sekunde. Mtu huyo amelijua wimbi katika wakati, lakini hajajua lolote juu ya urefu wake.

Mtu wa pili akipanda kilimani na kupiga picha moja ya ziwa, ataona jambo jingine. Katika picha hakuna wakati. Kuna vilele vilivyopangana kama matuta ya viazi shambani. Ataweza kupima mita zilizopo kati ya tuta na tuta, na huo ndio urefu wa wimbi. Ataweza pia kuhesabu ni matuta mangapi yamo katika mita 100, na hesabu hiyo yafaa kuitwa msongamano wa mawimbi. Mtu huyu amelijua wimbi katika nafasi. Lakini hawezi kujua kwa picha hiyo peke yake kama mawimbi yanakuja pwani au yanaondoka, wala kama yanakwenda mbio au polepole.

Kila mmoja ana nusu ya habari. Atakayepiga picha nyingi moja baada ya nyingine, na kuzipanga kwa wakati, ndiye atakayepata habari nzima: urefu, kipindi, mwelekeo na mwendo. Mwendo wa wimbi ni urefu wake ukigawanywa kwa kipindi chake.

Katika maji yenye kina cha kutosha, maumbile yenyewe yamefunga nusu hizo mbili pamoja. Palipo na kina kinachozidi nusu ya urefu wa wimbi, urefu kwa mita ni takribani 1.56 mara kipindi mara kipindi tena. Wimbi la sekunde 2 lina urefu wa mita 6.2, nalo huenda mita 3.1 kwa sekunde; la sekunde 3 lina mita 14, na mwendo wa mita 4.7, la sekunde 4 lina mita 25, na mwendo wa mita 6.2. Hivyo mawimbi marefu hutangulia mafupi. Na mvuvi mwenye mtumbwi wa mita 7 anayo sababu ya kuliogopa wimbi la sekunde 3 kuliko fupi zaidi, kwa kuwa nusu ya urefu wa wimbi hilo ni sawa na urefu wa chombo chake: omo ikiwa kileleni, tezi iko bondeni.

2. Kanuni ya Fourier

Maji ya ziwa hayapandi na kushuka kwa utaratibu mmoja. Upepo wa jana umeacha mawimbi marefu, upepo wa leo umeleta mafupi, na mashua iliyopita imeongeza yake. Mtu akichora kimo cha maji mtini kwa dakika kumi atapata mstari wenye vurugu. Je, vurugu hiyo yaweza kufumuliwa kama mkeka, ukindu mmoja mmoja?

Jibu la Fourier lilikuwa ndiyo. Mtaalamu huyo alizaliwa mwaka 1768 katika mji wa Auxerre, na mwaka 1798 alifuatana na jeshi la Napoleon Bonaparte kwenda Misri. Swali lililomshughulisha halikuwa la maji, bali la joto: jinsi lisambaavyo katika kitu kigumu. Mwaka 1807 aliwasilisha kazi yake mbele ya wataalamu wa Paris, akidai kwamba mchoro wo wote unaojirudia, hata wenye pembe na mikato, waweza kuundwa kwa kujumlisha mawimbi laini, kila moja na idadi yake ya marudio na kimo chake. Joseph-Louis Lagrange, mwanahesabu mashuhuri wa zama hizo, hakukubali. Kitabu cha Fourier kilichapishwa mwaka 1822. Wanahesabu waliokuja baadaye ndio walioweka wazi masharti yanayofanya dai lake kuwa sahihi.

Njia ya kulipata kila wimbi lililofichwa ni nyepesi kuliko sifa zake. Mpimaji hutunga wimbi la kujaribia, lenye kimo cha 1 na marudio anayoyatafuta. Kisha huzidisha kila kipimo chake kwa thamani ya wimbi la kujaribia kwa wakati ule ule, na kuchukua wastani. Marudio hayo yakiwamo katika vipimo, kilele hukutana na kilele, na bonde hukutana na bonde, wastani ukabaki. Yasipokuwamo, mazao chanya na mazao hasi hufutana.

Na ichukuliwe mifano ya namba zilizotungwa kwa ajili ya maelezo. Maji yamepimwa kila nusu sekunde kwa sekunde 4, yakaonyesha sentimita hizi juu au chini ya usawa wa maji matulivu: 40, 21, −10, −21, −20, −21, −10, 21. Mtazamaji hawezi kuona mpango wo wote. Akitaka kujua kama limo wimbi la sekunde 2, atazidisha namba hizo kwa 1, 0, −1, 0, 1, 0, −1, 0. Mazao ni 40, 0, 10, 0, −20, 0, 10, 0. Jumla ni 40. Wastani wa namba nane ni 5. Kwa kuwa wimbi likizidishwa kwa mfano wake hutoa wastani wa nusu ya kimo, wastani huo huzidishwa kwa 2, na jibu ni sentimita 10. Limo. Akifanya vivyo hivyo kwa wimbi la sekunde 4 atapata takribani sentimita 30. Akijaribu wimbi la sekunde moja na theluthi atapata karibu na sifuri. Vurugu ile yote ilikuwa mawimbi mawili tu. Na kwa sababu wimbi huweza kuanza kileleni au katikati ya mwinuko, mpimaji mwangalifu hujaribu mara mbili kwa kila marudio, jaribio la pili likiwa limesogezwa robo ya kipindi.

Kazi hii, vipimo vikiwa maelfu, ilikuwa ya kuchosha. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya kupanga mazidisho ili yale yanayojirudia yafanywe mara moja tu, na tangu hapo mashine za kompyuta huimaliza kwa muda mfupi sana.

Mambo mawili yapasa kuongezwa. La kwanza ni kwamba hesabu haijali kama namba zimepatikana kwa sekunde au kwa mita. Vimo vilivyosomwa katika picha ya ziwa, mita kwa mita, hufumuliwa kwa njia ile ile; lakini jibu lake si idadi ya marudio, ni msongamano wa mawimbi. La pili ni kwamba hesabu hii ina mpaka wake. Kiwango cha Ziwa Victoria, kinachopimwa Jinja tangu 1896, kilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964. Mpando wa namna hiyo si wimbi lenye kipindi. Hesabu ya Fourier italigawa tukio hilo moja katika marudio mengi, na msomaji asiyejihadhari atadhani ameona mizunguko ambayo haikuwapo.

3. Bamvua, au jumla iliyokwisha kupewa jina

Wasemaji wa Kiswahili walikuwa na ujuzi wa jumla ya mawimbi kabla ya kuwa na hesabu yake. Baharini, maji hujaa na kupwa kwa nguvu za mwezi na jua. Wimbi kuu la mwezi lina kipindi cha saa 12 na dakika 25 hivi. Wimbi kuu la jua lina kipindi cha saa 12 kamili. Mawimbi hayo mawili yakikutana vilele, maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua, ambapo katika Dar es Salaam tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Kilele cha moja kikikutana na bonde la jingine, hayo ni maji mafu. Tofauti ndogo ya dakika 25 hufanya mzunguko huo urudi kila siku 14 na robo tatu, yaani takribani nusu ya mwezi mwandamo.

Bamvua si wimbi la tatu. Mtu akitafuta ndani ya vipimo vya bahari nguvu kubwa yenye kipindi cha siku 14 na robo tatu, hataipata kwa kadiri anavyotazamia. Atayakuta mawimbi mawili ya nusu siku yaliyokaribiana. Jina bamvua ni jina la tabia ya jumla. Katika miaka ya 1870 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kamba iliyojumlisha mawimbi ya namna hiyo ili kutabiri maji ya bandarini.

Hapa lipo funzo kubwa la uchambuzi. Ili kuyatenga mawimbi mawili yaliyokaribiana, sharti vipimo viendelee kwa muda wa kutosha yaachane na kukutana tena. Aliyepima bahari kwa siku moja hawezi kuutenga mwezi na jua. Aliyepima kwa siku 15 aweza. Tofauti ndogo kabisa ya marudio iwezayo kuonekana ni takribani 1 kugawanywa kwa muda wa kupima. Sheria hii haina msamaha, nayo ndiyo inayomfuata mchunguzi wa lugha.

4. Sauti ya mtu

Msemaji atoapo irabu, nyuzi za koo hufunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde: kwa wanaume wengi kati ya mara 100 na 150, kwa wanawake wengi karibu na mara 200 au zaidi. Idadi hiyo ndiyo inayosikika kama kidatu. Lakini sauti itokayo kooni si wimbi moja. Ikiwa nyuzi zinarudia mara 120, ndani ya sauti yamo pia marudio ya 240, 360, 480, na kuendelea.

Kisha nafasi inaingia kazini. Njia iliyopo kati ya koo na midomo ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 17 hivi. Sauti huenda takribani mita 340 kwa sekunde. Bomba la urefu huo, lililofungwa upande mmoja, hulipokea vyema wimbi ambalo robo ya urefu wake ni sentimita 17, yaani wimbi la sentimita 68, lenye marudio 500 kwa sekunde. Halafu lile la 1,500, na la 2,500. Ulimi na midomo vikigeuza umbo la bomba, vilele hivi vya nguvu huhama. Katika irabu a kilele cha kwanza hupanda hadi karibu na 700 au zaidi. Katika i na u hushuka hadi karibu na 300. Hivyo kidatu ni habari ya wakati itokayo kooni, na irabu ni habari ya nafasi, yaani umbo la kinywa, iliyogeuzwa kuwa ya wakati ili isafiri hewani. Uchambuzi wa Fourier huzirudisha habari hizi mbili kila moja mahali pake.

Mashine ya kuichora sauti ilitengenezwa katika maabara ya Bell, Marekani, katika miaka ya 1940. Huikata sauti vipande vifupi na kukifumua kila kipande. Sheria ya bahari inatawala hapa vile vile. Kipande cha elfu 5 za sekunde huonyesha wazi kila mfunguko wa nyuzi za koo, lakini hakiwezi kutenga marudio yaliyo karibu kuliko 200. Kipande cha elfu 30 hutenga hadi 33 hivi, lakini hupaka ukungu juu ya wakati. Mchunguzi hawezi kuvipata vyote viwili kwa kipande kimoja. Hana budi kuchagua kwa mujibu wa swali lake.

Kwa Kisukuma uchaguzi huo ni mzito. Irvine Richardson, katika kazi yake ya 1959 juu ya toni ya lugha hiyo, alionyesha jambo ambalo limewashughulisha wataalamu tangu hapo: toni ya juu ya silabi fulani kwa kawaida haisikiki penye silabi yake, bali husikika mbele, silabi mbili baadaye. Sikio lililolelewa na Kiswahili lina mazoea ya kutafuta mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama barabara lenye maana ya sawasawa, ambalo hutofautiana na barabara ya kupita watu kwa mahali pa mkazo tu. Sikio hilo ni rahisi kuipeleka toni ya Kisukuma mahali isipokuwapo. Mchoro wa sauti hauna mazoea. Na ingawa tofauti ya toni huweza kuwa ndogo, mathalani kutoka marudio 120 hadi 140, mchunguzi akilifuata wimbi la kumi la sauti hiyo ataona likihama kutoka 1,200 hadi 1,400. Tofauti ya 20, ambayo kipande cha elfu 30 kisingeitenga, imekuwa tofauti ya 200.

Jambo jingine ni irabu. Kisukuma kina irabu saba, na mwandishi atumiaye alama tano za Kiswahili huziunganisha zile za juu mbili mbili. Tofauti yao iko zaidi katika kilele cha kwanza cha nguvu, na katika irabu za juu kabisa kilele hicho kiko karibu na 300. Hapa simu huleta hasara. Njia ya kawaida ya simu, tangu zamani, imepitisha marudio kati ya 300 na 3,400 tu. Wembe wake hupita pale pale irabu hizo zinapotofautiana. Upande wa juu hukata nguvu kubwa ya s, hata saa na faa zikatatanisha. Toni husalimika: ingawa marudio 120 yenyewe yamekatwa, yale ya 360, 480 na 600 yamebaki yakiachana kwa 120, na sikio hulijaza pengo. Kwa hiyo masimulizi ya mzee wa Chato yaliyonaswa kwa njia hiyo yaweza kutumiwa kuchunguza toni, lakini si ushahidi wa kutegemewa juu ya irabu saba. Na kilichokatwa wakati wa kunasa hakirudishwi na hesabu yo yote.

Chombo cha kunasia nacho hupima sauti kwa vituo, kama ule mti ulivyosomwa kila nusu sekunde. Ili marudio fulani yaonekane, sharti vipimo viwe zaidi ya mara mbili yake. Vipimo 8,000 kwa sekunde havifiki marudio 4,000; vipimo 44,100 hufika hadi 22,000 hivi, navyo vyatosha kwa sauti zote za lugha.

5. Neno masafa

Sasa yawezekana kulipima neno masafa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni umbali. Maana hiyo ingali hai: mbio za masafa marefu ni mbio za umbali mrefu. Redio zilipokuja, ilisemwa masafa mafupi na masafa ya kati, na usemi huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa ulitaja urefu wa wimbi. Wimbi la marudio milioni 6 kwa sekunde lina mita 50. La milioni moja lina mita 300. Lakini siku hizi neno lile lile hutumika pia kwa idadi ya marudio, mtangazaji asemapo kwamba kituo chake kiko katika masafa ya 100, yaani marudio milioni 100 kwa sekunde.

Neno moja limebeba urefu katika nafasi na marudio katika wakati, navyo ni vitu vinavyokwenda kinyume: kimoja kikizidi, kingine hupungua. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba masafa ni marudio, akikutana na masafa mafupi, ataelewa marudio machache. Na ukweli ni kwamba ni mengi. Huku si kutatizika kwa maneno tu. Katika migodi ya dhahabu ya Geita miamba hulipuliwa kwa baruti, na mtikisiko huenea ardhini. Nyumba za kawaida huitikia zaidi mitikisiko yenye marudio kati ya 4 na 12 hivi kwa sekunde. Taarifa itakayoandikiwa wanakijiji kwa Kiswahili, ikisema mtikisiko ni wa masafa mafupi, yaweza kusomwa kwa maana mbili zilizo kinyume, na moja yake inahusu kuta za nyumba zao.

Mazoea ya redio hayataondolewa na wataalamu, wala hakuna haja. Lakini katika maandishi ya elimu yafaa mambo yatengwe: kipindi na idadi ya marudio kwa wakati, urefu wa wimbi na msongamano wa mawimbi kwa nafasi, kimo kwa ukubwa, kikipimwa kutoka usawa wa maji matulivu hadi kileleni, na masafa yabaki na umbali, ambao ndio urithi wake. Maneno haya yote yamo tayari vinywani mwa watu, na hakuna hata moja lililokopwa kwa ajili ya kazi hii. Lugha iliyoweza kuipa jina jumla ya mawimbi mawili ya bahari haishindwi kuyapa majina mawili mambo mawili.